Kisu Kisicho na Ncha

Mdogo wangu alinipigia simu kutoka Mpofi siku ya soko, nikiwa na mikono yote miwili ndani ya maziwa. Kwao mtandao hupatikana kwa kupanda kilima na kusimama mahali pamoja bila kutikisika, kwa hiyo mtu wa huko akipiga unajua ana shida, na huwezi kumwambia asubiri. Nikafuta mkono mmoja kwenye kitenge nikapokea. Alitaka nimtafutie kisu.

Mapanga wanayo, alisema, na visu vya jikoni vipo. Alitaka kisu cha kushuka nacho ndani ya maji.

"Kisu ya kikomando, dada. Ile iko na meno mu mugongo na busole mu mushikio."

Alikuwa amekiona kwenye simu ya mtu, chenye meno mgongoni na dira kwenye mpini. Kiwe kirefu kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono, king'ae, kitishe. Nikamwuliza kitamtisha nani chini ya mto. Mtandao ukakatika kabla hajajibu, au alijifanya kwamba umekatika.

Hapa Masisi tunaishi kwa ng'ombe, maharagwe na jibini, na wengi wetu mto tunaujua kama kitu cha kuvuka. Yeye alioa Mpofi, huko Walikale, akakuta huko kazi ya draga. Draga ni jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mapipa matupu, linaelea katikati ya mto Oso. Juu yake kuna mota inayofyonza mchanga wa chini ya mto kwa bomba kubwa, na kompresa inayosukuma hewa katika mpira mwembamba wanaouita tiyo. Mpiga mbizi huuma mwisho wa tiyo kwa meno, hujifunga mkanda wenye vyuma ili asielee, kisha hushuka na kulala kwenye tumbo, akiuelekeza mdomo wa bomba kwenye mchanga ambao huenda una dhahabu. Maji yana rangi ya chai ya maziwa. Ukiweka kiganja mbele ya uso huoni kidole hata kimoja. Kazi yote ni ya kupapasa.

Wiki chache kabla ya simu ile, shemeji yake, kaka wa mke wake, alinaswa huko chini. Kamba ya nailoni ya draga ya zamani, iliyoachwa na wenyewe, ilimzunguka mguu, na wenzake walipomvuta ikakaza. Alitoka, lakini kwa shida. Mdogo wangu alikuwa amenieleza habari hiyo kwa maneno machache, na alipofika kwenye kisu cha kukatia kamba alisema tu kwamba kilipotea.

Ndiyo maana sikumpuuza. Kama ingekuwa tamaa ya kung'aa mbele ya wenzake ningemwambia ajinunulie mwenyewe. Lakini kila asubuhi alikuwa akishuka mahali palepale aliponaswa mwenzake, penye kamba zilezile, akiwa na meno tu.

Nikachukua daftari la zamani la shule la mwanangu, nikaandika maswali upande wa nyuma. Kisu kitakata nini? Kitavaliwa wapi? Kitashikwa kwa mkono gani? Ncha yake ina kazi gani? Nikapiga simu mara tatu kwa siku mbili. Mara ya kwanza alijibu kwamba kiwe kikali. Mara ya pili alijibu kwamba kisiwe cha Kichina, kana kwamba Masisi tuna duka la visu vya mataifa. Mara ya tatu nilimwambia sitanunua hata sindano mpaka aniambie mkono wa kulia unafanya nini akiwa chini.

Nikasikia upepo wa kilima chake.

"Wa kuume unashikaka bomba," akasema. "Hauachi. Ukiacha bomba inakuruka, inakupiga."

"Basi kisu ni ya kushoto."

"Sikukuwaka nafikiri vile."

Mwaka wa nne anafanya kazi hiyo, na hakuwahi kulifikiri hilo.

Muuza vyuma wa sokoni kwetu ana kibanda cha misumari, makufuli, sufuria na majembe, na ana maneno mengi kuliko bidhaa. Nilimweleza shida kwa utaratibu. Kabla sijamaliza alikuwa ameinama chini ya meza na kutoa kisu kilekile cha kwenye simu, au ndugu yake pacha. Alikiweka juu ya meza, nikakiokota. Kilikuwa kizito upande wa mpini na chepesi upande wa chuma. Alinionyesha meno ya mgongoni, ya kukatia miti. Alinionyesha dira kwenye kifuniko cha mpini, na ndani ya mpini, kwa mshangao wake mwenyewe, njiti za kiberiti na ndoana. Akanionyesha pia rangi ya njano ya mpini, ili kisu kikianguka ndani ya maji kionekane. Nikamwambia huko chini hakionekani hata kichwa chako mwenyewe. Akasema basi ni vizuri zaidi, njano itasaidia.

Nilichoka. Nakiri kwamba nilikinunua kwa sababu ya kuchoka, na kwa sababu ndicho alichoomba mwenyewe, ili baadaye asiseme nilimpa nilichotaka mimi.

Nyumbani, kabla ya kukifunga kwenye mzigo, nikaona nikijaribu. Nilikata vipande vya kamba ya nailoni tunayofungia ndama, nikavilaza ndani ya beseni la maji mpaka vikalowa kabisa. Kimoja nikakizungusha kwenye mguu wa meza na kukikaza. Nikafumba macho, nikashika kisu kwa mkono wa kushoto, nikajaribu kujiokoa.

Makali yaliteleza juu ya kamba kama mtu anayeteremka mlima wetu siku ya mvua. Nikageuza, nikatumia yale meno ya mgongoni. Yalikuwa yameachana mno, yakanasa nyuzi mbili tatu na kukwama humo. Nikavuta. Mpini ukafunguka mkononi mwangu, dira ikaanguka ndani ya beseni pamoja na njiti na ndoana. Nilipoiokota dira ilikuwa inaonyesha kwamba kaskazini ni jikoni. Nilipoigeuza, kaskazini ikahamia kwenye banda la ng'ombe.

Kisha nikalaza kipande cha mpira wa maji kando ya kamba, maana tiyo haiko mbali na mwili wa mtu, na nikafumba macho tena. Mara ya kwanza tu nilipotafuta kamba kwa ncha ya kisu, ncha ikaingia ndani ya mpira mpaka upande wa pili. Nilifumbua macho nikakitazama kile kitobo kwa muda. Chini ya Oso ningekuwa nimejikatia hewa mwenyewe, kwa kisu ambacho ndugu yangu alikiomba kwa upendo.

Baba alikuwa ameketi mlangoni akiangalia haya yote. Sasa akaingia, akaweka juu ya meza kisu chake cha kuchinjia, chuma cha zamani kilichonolewa mpaka kimekuwa chembamba kama jani. Kwa maoni yake hakuna kisu kingine duniani. Nikakijaribu kwa heshima. Kilikata, lakini kwa kuvutwa kwa nguvu, na kilipomaliza kamba hakikujua kusimama, kikaingia kwenye mguu wa meza. Baba akautazama mguu wa meza, nami nikaufikiria mguu wa mwanawe. Nikakiacha usiku mmoja kikiwa kimelowa. Asubuhi kilikuwa kimeshika kutu ya rangi ya machungwa, na baba hakunisemesha hadi mchana.

Cha mwisho kilikuwa kisu cha mkate cha jikoni kwangu, chenye meno madogo ya mawimbi, kile tunachokatia jibini siku mkate ukikosekana. Nilikichukua kwa sababu tu kilikuwa karibu. Macho yamefumbwa, mkono wa kushoto, kamba imelowa: nikavuta, nikasukuma, nikavuta, na kamba ikaachia. Nikarudia mara nne nikidhani ni bahati. Haikuwa bahati. Meno yale hayakuhitaji nguvu, yalijishikiza yenyewe.

"Sasa utamutumia mutoto kisu ya mukate?" baba akauliza. Mtoto huyo ana watoto watatu.

"Njo inakata, Papa," nikamjibu, yaani ndicho kinachokata.

"Batamucheka."

Wangemcheka, hilo lilikuwa kweli.

Nilirudi kwa muuza vyuma na kile kisu cha komando ili anibadilishie. Aliona tone la maji ndani ya kifuniko cha dira, akarudisha mikono nyuma.

"Mama, hii kisu ilisha kuona maji."

"Si ulisema iko kisu ya maji?"

"Nilisema inaweza kuingia. Sikusema ijaribiwe."

Tulibishana mpaka watu wawili wakasimama kusikiliza, na mwisho wake nikanunua kwake kisu cha mkate kipya, maana sokoni hapakuwa na mwingine mwenye nacho. Kile cha komando baba alikichukua. Hadi leo anakitumia kung'olea magugu kwenye kabichi, na anasema kwa kazi hiyo hakina mpinzani.

Kisu cha mkate ni kirefu mno kwa mtu aliyelala kwenye shimo la mchanga, na kina ncha. Nikampelekea fundi wa kuchomelea milango ya chuma. Nilimchorea nilichotaka kwenye daftari: akate chuma kibaki kama shibiri moja, ncha aiondoe kabisa, mwisho uwe mviringo kama ukucha, kisha asugue pembe zote. Alikata vizuri, kisha akanitengenezea ncha mpya, kali kuliko ya kwanza, kwa hisani yake. Alisema aliona aibu kunirudishia kisu kimevunjika. Nikakaa hapo hapo kwenye benchi lake mpaka akaiondoa, naye akaiondoa akiniangalia kama mtu anayelazimishwa kumkata ng'ombe pembe.

Fundi wa viatu alinishonea ala kwa plastiki nene ya dumu, lile tunaloita bidoni. Niliomba ivaliwe kifuani, kisu kikielekea chini, ili mkono wowote ukifikie, na isining'inie nje ya mwili maana chochote kinachoning'inia ni cha kunaswa. Alinishonea ala ya kiunoni, ya panga. Alirekebisha. Mara ya pili kisu kiliingia vizuri, nikaipindua ala na kuitikisa, kisu kikaanguka karibu na kidole changu cha mguu. Mara ya tatu aliweka ukanda wa mpira wa baiskeli juu ya mpini, na mpini wenyewe tukauzungushia mpira uleule ili mkono uliolowa usiteleze. Niliitikisa ala mpaka bega likauma. Hakikutoka. Lakini kidole gumba kimoja kikiusukuma ule ukanda, kisu kilikuja.

Nikaamua kukipeleka mwenyewe. Kukituma kwa mtu kungekuwa kumtuma mtu na maelezo yote haya, na nimeona maelezo yangu yanavyofika.

Kutoka Masisi hadi Mpofi kwa pikipiki ni safari ya matope, na wakati mwingine abiria ndiye anayesukuma. Nilikuwa na jibini mbili, mikate, na kisu ndani ya ala yake. Kabla ya Kibua tulisimamishwa kwenye kizuizi, kamba iliyofungwa toka mti hadi mti na kijana mwenye bunduki kando yake. Alifungua mzigo wangu wote. Akakitoa kisu, akakigeuza, akapapasa mwisho wake wa mviringo.

"Hii ya nini?"

"Ya mukate."

"Nani alivunja?"

Nikamwambia kilinunuliwa hivyo. Akanihurumia waziwazi. Kisha akajikatia kipande cha jibini kwa kisu hichohicho, akala, akasema kinakata vizuri hata kikiwa kilema, akaweka kila kitu mahali pake. Dereva wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia habari yote njiani, alingoja tupite kona ndipo akaniambia kwamba ningekuja na kile kingine, chenye dira, sasa hivi tungekuwa tumekaa chini tunaeleza sisi ni askari wa nani.

Mpofi nilipokelewa vizuri. Watoto walimaliza mikate na jibini kabla baba yao hajarudi, wifi yangu akapika sombe, yaani kisamvu, na samaki wa mtoni. Mdogo wangu alirudi kutoka kazini na macho mekundu ya maji machafu, akaoga, akaketi, na akajizuia kuuliza mpaka nimalize kula. Nikakitoa kisu ndani ya ala, nikakiweka juu ya mkeka mbele yake. Akakiokota.

Alikitazama pande zote mbili. Aliponyanyua macho nikaona ametafuta neno la adabu na hakulipata.

"Dada. Hii iko ya mukate."

Wifi yangu alianza kucheka polepole, kisha akashindwa, akamweka mtoto chini. Alisema samaki wa Oso sasa watakunywa chai asubuhi kama watu wa ofisi. Alimwuliza mumewe kama atashuka na siagi. Mdogo wangu hakucheka. Nilimweleza habari ya kamba, meno, ncha na tiyo, kwa mpangilio uleule wa kwenye daftari, naye akaitikia kila jambo kwa heshima, ndiyo dada, ndiyo dada, kwa sauti ya mtu ambaye kesho atakisahau nyumbani.

Kwa hiyo kesho yake nikaenda naye mtoni.

Shemeji yake alikuwa ukingoni, ameketi juu ya pipa, akiunganisha mpira uliopasuka. Tangu siku ile hashuki. Kifundo chake cha mguu kilikuwa bado kimefungwa kitambaa. Ni mtu wa maneno mepesi, na aliponisalimu na kujua nimeleta kisu alitaka kukiona, akakichunguza bila kucheka, akajaribu meno ya kisu kwenye mpira wa zamani. Nikapata nafasi ya kumwuliza jambo lililonisumbua tangu mwanzo. Siku ile kisu cha kukatia kamba kilikuwepo. Kilipoteaje?

Alinieleza kama mtu anayeeleza mchezo wa mpira. Alikuwa chini, mguu umeshikwa, mchanga wa ukingo wa shimo unamwagika juu yake, umeshafika kiunoni. Hewa ilikuwa inakuja, kwa hiyo alikuwa na muda, lakini si mwingi. Mwenzake mmoja aliruka bila tiyo, kwa pumzi ya kifua tu, akamfuata kwa kupapasa mpira wa hewa mpaka akamfikia. Pumzi haikutosha kukata. Kwa hiyo alikuwa na kazi moja tu, kumwachia kisu na kurudi juu.

"Akakupatia."

"Hapana. Aliniwekea."

"Alikuwekea wapi?"

"Chini."

"Chini wapi, kaka? Si ulikuwa chini ya mutoni?"

"Njo pale pale. Alikiweka pembeni ya goti yangu, akanipiga mukono mara mbili, kusema iko hapa. Akapanda."

Kisu kilimezwa na mchanga papo hapo. Alipapasa mpaka kucha zikatoka damu. Mwishowe alijikunja, akauchomoa mguu ndani ya buti la plastiki, na kifundo kikaacha ngozi yake kwenye kamba. Kisu na buti bado viko huko.

Nikauliza, nikiwa tayari nimekasirika, ni mtu gani mwenye akili timamu anayeweka kisu chini katika mto. Shemeji akaacha kufunga mpira wake. Akamtazama mdogo wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu.

Kwetu kisu hakitoki mkononi mwa mtu kuingia mkononi mwa mwingine. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota, na ugomvi unabaki ardhini. Hakuna aliyenifundisha hilo kwa maneno, na Walikale wanafanya vilevile. Mtoto anayenyoosha kisu kwa mkono anapigwa kofi dogo, na baada ya makofi mawili hahitaji la tatu.

"Mukono yake nilikuwa naishika, dada," mdogo wangu akasema. "Nilikuwa naishika na hii." Akanionyesha mkono wa kushoto.

"Na kisu?"

"Ilikuwa mu hii ingine."

Nilikuwa na mambo mengi ya kumwambia na yote yalikuwa ya haki. Lakini jana yake jioni nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake, baada ya majuma ya kufikiria kisu hicho peke yake, nikakiweka chini mbele yake bila kujua kwamba nimekiweka. Kosa lake lilikuwa langu pia, na hilo lilinikera kuliko yote.

"Miye pia ningekiweka," shemeji akasema. "Usimuangalie vile."

Sasa nilijua kisu kilitakiwa kiwe wapi. Kiwe juu ya mwili wa anayeshuka, kabla hajashuka, ili asiwepo mtu wa kumpa. Nikaenda kumwambia kapita, mkubwa wa kazi pale, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani. Kapita akakataa kabla sijafika katikati. Visu vyote vya draga hukaa ndani ya bidoni iliyokatwa, mbele ya macho yake. Aliweka sheria hiyo baada ya wapiga mbizi wawili kugombana, mmoja akamchana mwenzake bega. Mtu akishuka na kisu, atapanda na kisu, na akipanda na hasira itakuwaje? Nilimwambia, kwa adabu niliyokuwa nimebakiza, kwamba mtu aliyenaswa hawezi kuomba ruhusa kwa bidoni. Akasema sheria ni sheria.

Mdogo wangu alimwendea akiwa na kisu nje ya ala.

"Papa kapita, uijaribu mwenyewe."

Kapita alikisukuma kwenye kiganja chake. Kwanza polepole, kisha kwa nguvu, kisha akakiegemea tumboni kwa uzito wake wote, mbele ya watu wa draga waliokuwa wameacha kazi kuangalia. Hakikuingia popote.

"Hii haiwezi kuua hata kuku," akasema kwa kuudhika.

"Njo nilikuwa natafuta, Papa," nikamjibu.

Bado alitaka kuona kama kinafaa kitu. Basi tukafanya pale ukingoni, maji yakifika kifuani, kile nilichokifanya nyumbani kwenye beseni. Mdogo wangu alifungwa mguu kwa kamba ya nailoni kwenye kisiki, akauma tiyo, akazama. Kwanza kapita alitaka ajaribu na kisu cha bidoni, cha ncha ndefu. Tuliona kamba ikitikisika, maji yakichafuka, kisha mdogo wangu akainuka na mkwaruzo kwenye muundi, mikono mitupu, mguu bado umefungwa. Kisu kile walikitafuta kwa miguu, hawakukipata. Kapita alihesabu hiyo kuwa hasara yangu.

Akazama tena na cha mkate kifuani. Sikuona chochote. Kamba ilivutika, ikatulia, ikatikisika kidogokidogo kama unavyotikisika mshipi samaki anapoonja. Kisha ikalegea. Yeye hakuinuka mara moja. Alipoinuka kisu kilikuwa kimerudi ndani ya ala, na ukanda uko juu ya mpini.

Wenzake walianza hapohapo kumwita Papa Mukate. Mmoja aliuliza kama dada ana kingine, lakini chenye mpini mwekundu. Mwingine akataka chake kiwe na ncha kidogo tu. Niligeuka nikaenda kukaa juu ya pipa, maana kama ningebaki ningewatukana watoto wa watu.

Kapita akasema haya, ashuke nacho, siku inapita. Mota ikawashwa. Mdogo wangu akajifunga mkanda wake wa vyuma, akauma tiyo, akashuka katikati ya mto, mahali palepale penye kamba za draga ya zamani, na juu ya maji pakabaki mapovu tu. Shemeji yake aliketi karibu nami akaendelea na mpira wake. Aliniambia mapovu yakija mfululizo ni vizuri. Yalikuja mfululizo. Nilikuwa nimeleta daftari, nikidhani nitaandika jambo, lakini sikuandika. Wakati fulani mapovu yalisimama, nikainuka, na shemeji bila kunitazama akasema amegeuza kichwa tu. Yakarudi. Nikamwuliza inachukua muda gani. Akasema mpaka atakapochoka au mpaka njaa.

Alipanda jua likiwa utosini. Walimvuta hadi juu ya mbao, akatema tiyo, akalala chali akihema, midomo imekuwa myeupe. Nikavuka kwa mtumbwi mpaka kwenye draga. Nilitarajia neno moja, hata dogo.

"Dada, hii kamba yako inanikwaruza hapa." Akaonyesha chini ya kwapa, mahali ambapo fundi wa viatu alikuwa ameacha fundo licha ya kuambiwa mara mbili.

Nikamwambia akivue basi, anipe, nitalifungua hilo fundo na kulishona upya kabla sijaondoka. Nikanyoosha mkono.

Hakukivua. Alikaa kitako, maji yakimtiririka usoni, akaweka kiganja juu ya mpini kama mtu anayezuia mfuko usichomolewe.

"Acha," akasema. "Nitajifunguliaka mwenyewe."

Kisha akauliza kwa nini jana watoto hawakumwachia jibini.